Mgeni wa Goti la Kushoto

Mwaka wa kumi na sita sasa
tangu walipokushona humu,
kipande cha gegedu, chembamba,
kilichopinda kama mwezi mwandamo.
Karatasi ya hospitali haikutaja jina lako.
Iliandika: mtoaji, miaka ishirini na sita,
goti la kushoto, kipimo kinalingana.
Hayo ndiyo niyajuayo juu yako,
hayo, na kwamba unaichukia baridi.

Nilikutoa Chennai, kwenye joto la kuyeyusha mshumaa,
nikakuleta Kikondo, juu Uporoto,
ambako alfajiri ya Juni umande huganda kwenye majani ya viazi
na mtu hutembea kama anayekanyaga chumvi.
Asubuhi ya kwanza ulilia.
Nilidhani ni mimi.

Mwezi wangu mwenyewe niliuacha
chini ya goli la mpira wa pete, uwanja wa chuo, Tukuyu.
Niliruka, nikadaka, nikatua:
mguu ukabaki unatazama Kyela,
mwili ukageukia Mbeya.
Walikata kilichochanika, wakasema nitapona.
Nikapona miaka minne.
Kisha mfupa ukaanza kusaga mfupa,
jiwe na jiwe, bila ulezi katikati.
Kaka yangu Lwitiko akauza fahali na mbao za mikaratusi.
Kwaya ikazungusha sahani.
Nikaondoka na magongo, nikarudi nawe.

Mama mkwe alitaka salamu ya magoti.
Daktari alikuwa amekataza, mwaka mzima.
Nikasimama mbele yake wima kama mlingoti wa bendera,
kikapu cha maharage mkononi,
naye akageukia moto, akachochea, asinijibu.
Nguo ya kuazima haisitiri, alimwambia jirani,
itakuwa goti?

Ulinisitiri.
Mwaka wa tatu nilipiga magoti mbele yake, taratibu,
kwanza la kulia, kisha wewe.
Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu.
Akauliza, Ni lipi la maiti?
Nikauchukua mkono wake, nikauweka.
Akakaa kimya kitambo.
Lina joto, akasema.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Nilikupa jembe, na matuta,
na lumbesa za kubeba hadi barabarani,
na mimba mbili,
na ile njia ya kisimani wakati wa masika, utelezi mtupu.
Hukuuliza ujira.

Kila Machi nateremka mjini kwa Daktari Mwalwisi.
Nesi Subilaga hunisomea maswali yaleyale:
Ngazi? Kuchuchumaa? Maumivu, sifuri hadi kumi?
Nikiyakumbuka, kumi na moja, namwambia,
nikiyasahau, mbili.
Anaandika tano.

Mwaka huu aliitundika picha dirishani,
mlima Loleza ukaonekana nyuma ya mifupa yangu.
Daktari akaweka ncha ya kalamu kwenye lile pengo:
zamani lilipitisha unyasi, sasa halipitishi uzi.
Amesinyaa, alisema. Wengi huchoka mapema kuliko huyu.
Akataja goti la chuma, akataja bei,
akatamka "mafanikio" huku anafunga faili.

Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu.
Ulikuja na ishirini na sita,
leo unayo arobaini na miwili,
kumi na sita yote umeiishi Kikondo.
Mwalimu mkuu wetu ana mitatu
na watu humwita mwenyeji.

Kesho tunachimba viazi shamba la juu.
Nitakufunga kitambaa cha sufu, kile chekundu.
Tutapanda polepole.
Kama una neno, liseme tukiwa tunapanda;
tukishuka huwa unapiga kelele tu.